Nailoni ya Kutolewa na Baba

Nyumbani kwetu Mdandu, kitu kipya hakivuliwi nailoni na mtu mwingine isipokuwa baba. Makochi yalikaa ndani ya nailoni mpaka yakawa yanalia kila mgeni anapoketi, mgeni anaona aibu na sisi watoto tunafurahi. Redio nayo ilikaa. Jiko la gesi ambalo mama alizawadiwa na wanakwaya wenzake lilipikiwa chai miezi mingi huku ubavuni likiwa bado na karatasi yake ya dukani. Siku ikifika, baba ananawa mikono, anasali kwa kifupi, halafu anaanza kubandua kona moja polepole, nasi tumesimama kimya kama tuko kwenye ubatizo. Sijui desturi hiyo aliitoa wapi. Nadhani mtu aliyekulia kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine hutaka auone upya wa kitu kwa macho yake, asihadithiwe.

Kwa hiyo pikipiki yangu iliponunuliwa sikushangaa aliposema, "Nailoni nitaitoa mimi."

Pikipiki yenyewe ilitokana na mipaina ya bibi. Bibi mzaa baba aliipanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba mwaka niliozaliwa, na kabla hajafariki alisema mbele ya watu, "Hii ni ya huyu wa kike." Kwetu anayepandiwa miti ni mtoto wa kiume. Wa kike anategemewa aende akaokote kuni chini ya miti ya watu wengine. Kaka yangu hakuipenda kauli ile, na baba hakuipenda pia, ila neno la marehemu si la kupingwa mchana kweupe. Miti ilipokomaa niliomba ivunwe ninunuliwe pikipiki, nifanye kazi ya parachichi: kuzunguka vijijini, kuchuma kwa wakulima, kupeleka matunda kwa wanunuzi Njombe mjini. Kuchuma nilikuwa nimeshajua, maana niliacha shule kidato cha pili nikaingia kwenye vikundi vya wachumaji. Nilichokosa ni miguu.

Baba alikubali kwa sharti, tumekaa sebuleni, baba mdogo na shangazi wakiwa mashahidi.

"Utaanza nayo taratibu huko Njombe kama watu wa duka walivyoagiza," alisema. "Ukishamaliza sevisi ya kwanza unaileta hapa. Natoa nailoni, tunaiombea, nakukabidhi. Ikija bila alama, ni yako. Ikija na alama, nitajua huwezi kutunza, anachukua kaka yako."

"Hata alama ndogo, baba?"

"Alama haina ndogo."

Kaka yangu alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. "Mpeni tu," akasema. "Mimi sina haraka. Huyu anaweza kumwangusha hata mbuzi aliyelala."

Walicheka wote, na mimi nikacheka, kwa sababu kweli utotoni niliwahi kumkwaa mbuzi aliyelala na tukabiringika wote wawili mpaka kwenye mahindi. Sikuona ubaya wowote kwenye kicheko kile. Mimi nilishaanza kuona makreti mawili ya parachichi yamefungwa nyuma yangu, nashuka barabara ya Lugarawa asubuhi, wakulima wamesimama kando wanasema, huyo, amefika.

Njombe nilikuwa nimepanga chumba Mjimwema, chumba kimoja chenye mlango mpana kwa bahati. Pikipiki ililala ndani na mimi. Baridi ya kule wanaoijua wanaijua, na ilipofika Juni nilivua blanketi langu nikaifunika pikipiki, mimi nikalala na jaketi. Jirani yangu, mama mmoja muuza viazi, akawa ananisalimia kila asubuhi, "Shemeji ameamkaje?"

"Ameamka salama, ila hasemi."

"Ndiyo wazuri hao," anasema. "Ukipata asiyesema usimwachie."

Niliiendesha kwa adabu. Sikupakia mzigo, sikushuka mabondeni, sikuiazimisha. Kila jioni niliifuta kwa kitambaa laini, nikasahau kwamba nafuta nailoni. Rangi yake nilikuwa naiona kwa ndani tu, nyekundu, kama jamu ndani ya chupa. Kuna siku kona moja ilinyanyuka karibu na mfuniko wa mafuta, vidole vikanisumbua kweli. Nikatamani nichungulie. Nikakata gundi ya karatasi nikaibandika ile kona, nikajisifu kwamba mimi ni mtoto mtiifu. Utiifu ule ndio ulionifunga.

Jumamosi ya sevisi niliondoka Njombe na ukungu. Duka lilikuwa Makambako, wakala wa pikipiki mwenye vioo vikubwa mbele na karakana nyuma, na walishatuonya siku ya kununua kwamba sevisi ikifanyika kwingine waranti inakufa. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nimalize sevisi asubuhi, nigeuze, nishike njia ya Mdandu, saa nane niwe nyumbani. Mama alikuwa amenipigia kuniambia kuku ameshakamatwa.

Msichana wa mapokezi alichukua ufunguo bila kuniangalia. "Kaa nje. Wateja hawaingii karakana."

Nikakaa kwenye benchi, upepo wa Makambako unanichapa vumbi usoni, nakunywa chai kwa mama lishe wa pembeni. Nilikuwa na furaha mpaka nikamwagizia chapati mzee nisiyemjua aliyekuwa ananisimulia juu ya ng'ombe wake. Katikati ya hadithi hiyo tukasikia kishindo kutoka nyuma, chuma juu ya chuma, kama mtu ameangusha kabati la sufuria. Halafu kicheko cha wanaume.

Nikasema moyoni, maskini, pole yake mwenye nayo.

Waliponiita, pikipiki ilikuwa imesimamishwa mlangoni, imeoshwa, inadondosha maji. Sikuitambua mara moja. Nailoni haikuwepo. Tenki jekundu lilikuwa wazi kwenye jua, zuri kuliko nilivyowahi kulifikiria, na ubavuni mwake, kutoka karibu na mfuniko mpaka kwenye siti, ulipita mkwaruzo mrefu uliofika kwenye bati. Pale mkwaruzo ulipoanzia palikuwa pamebonyea, shimo la kutosha kidole gumba. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona rangi ya pikipiki yangu.

Fundi aliyeileta alikuwa kijana, oili mpaka viwikoni. Nikamuuliza, "Kaka, hii imekuwaje?"

"Ipi?"

"Hii."

Akaitazama kama mtu anayeonyeshwa wingu. "Injini iko vizuri, dada. Oili mpya, cheni nimeikaza. Hiyo haizuii kutembea."

Meneja akatoka. Mtu msafi, shati limenyooka, ana sauti ya upole, na nilipomwona nikapata moyo, kwa sababu nina ugonjwa wa kuamini sauti za upole. Nikamweleza. Akainama, akapitisha kidole juu ya mkwaruzo, akanyanyuka.

"Binti, pikipiki hii ilikuja na nailoni?"

"Ndiyo. Mmeitoa nyie."

"Tumeitoa ili tuioshe. Sasa niambie. Kabla ya leo, hapa ulikuwa umepaona?"

"Palikuwa na nailoni."

"Hukupaona."

"Palikuwa panang'aa. Ungeona tu palikuwa pazima."

"Nimekuuliza ulipaona au hukupaona."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua kofia ngumu wakasogea wasikie. Nikasema sikupaona.

"Basi umejuaje kwamba haikutoka hivi kiwandani?" Akawageukia wale wateja. "Mtu anakaa na pikipiki miezi, hajawahi kuiona ilivyo. Kama bibi harusi wa zamani." Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu hata mume atamwacha na nailoni."

Kwenye ndoo ya matambara nikaiona nailoni yangu, imesokotwa, imelowa oili. Nikaenda nikaivuta. Ilikuwa imechanika mstari mrefu, na nilipoilaza juu ya tenki, mstari wa nailoni ulikaa sawasawa juu ya mstari wa bati. Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu ubaoni. "Ona," nikamwambia, "kitu kimepita juu ya nailoni. Kwa hiyo si kiwandani. Na mimi nimekuja asubuhi nailoni ikiwa nzima, dada wa mapokezi aliiona."

Msichana wa mapokezi alikuwa anaangalia simu yake. "Mimi napokea ufunguo," akasema. "Sipokei nailoni."

"Umesema vizuri sana," meneja akaniambia, bado kwa upole. "Si kiwandani. Basi umeikwaruza wewe njiani. Unaona? Umejijibu."

Nikamwambia kwamba sitaki anilipe chochote. Sitaki rangi, sitaki tenki jipya. Nataka ampigie baba yangu simu amwambie neno moja tu, kwamba imetokea hapa dukani. Nikamweleza sharti la baba, na kwamba jioni ile ile pikipiki inaweza kuwa ya kaka yangu. Nilimweleza mpaka habari za mipaina ya bibi, kwa nini sijui. Mtu akisikiliza bila kukatiza unadhani anakuhurumia.

"Una namba yake?"

Nikampigia baba, nikampa simu. Akaiweka kwenye sauti kubwa wote wasikie.

"Shikamoo mzee. Mimi ni meneja wa duka la pikipiki Makambako. Niko na binti yako hapa. Amekuja na pikipiki imekwaruzwa tenki, imebonyea, sasa anataka tumwambie kwamba ni fundi wetu, ili wewe usimkasirikie. Mimi nina binti pia, mzee, nisingependa afundishwe hivyo."

Baba akasema, "Asante kwa ukweli wako, bwana." Simu ikakatika.

Meneja akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. "Nimempigia kama ulivyotaka."

Nilikuwa nimeshawasha nikitaka kuondoka yule fundi alipokuja mbio, akijificha nyuma ya lori lililoegeshwa. "Dada, nisamehe," akasema chinichini. "Ziliangukiana. Niliigusa moja kwa mgongo, zikalala nne. Nikisema, leo hii hii nafukuzwa, na mke wangu amejifungua juzi."

"Mwambie baba yangu. Simu hii hapa. Meneja hatasikia."

Akaitazama simu kama inaunguza. "Siwezi. Baba yako akimpigia meneja je?" Akatoa mfukoni karatasi. "Chukua stika hii, ni ndefu, inafunika vizuri."

Nikamwambia asante, sihitaji. Na nikamwambia hongera ya mtoto. Mdomo wangu una adabu kuliko akili yangu, umekuwa hivyo tangu shuleni.

Kutoka Makambako nilikuwa na muda wa kufikiri. Lami ilikuwa inaendelea mpaka Njombe, na mafuta yalikuwa ya kutosha. Ningeipita njia ya Mdandu, ningelala Mjimwema na shemeji yangu asiyesema, na Jumatatu ningefunga makreti. Nani angenifuata? Lakini nilikunja njia ya vumbi ya Mdandu. Nilijiambia baba ataniangalia usoni, na mtu anayekujua tangu ukiwa unanyonya akikuangalia usoni anajua. Niliamini hivyo kabisa. Kwenye vumbi lile, ndani ya kofia, nilikuwa naimba pambio.

Walikuwa wamekaa nje kwenye viti, baba mdogo, shangazi, mama mlangoni mwa jiko. Kaka amevaa shati la kanisani. Kwenye kigoda kulikuwa na beseni la maji, na baba alikuwa ameshanawa, mikono imelowa, ameishika mbele yake kama daktari.

"Kamwene," nikasalimia.

"Kamwene," wakaitikia, wote isipokuwa baba.

Nikaitega stendi. Alizunguka upande wa pili, akasimama mbele ya mkwaruzo.

"Nailoni iko wapi?"

Nikaitoa ndani ya jaketi, nikaikunjua nimwonyeshe mstari ulivyochanika. Aliishika kwa vidole viwili, oili ikamchafua mikono aliyoinawa. "Nimekuambia uniletee pikipiki," akasema. "Umeniletea takataka."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kishindo, kicheko, ndoo, fundi na mtoto wake mchanga. Nilipofika kwa fundi kaka akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukalia. "Endelea," akasema. "Hadithi nzuri."

"Baba watoto, mwangalie mtoto," mama akasema. "Ana uso wa mtu mwongo huyu?"

"Sijamwangalia bado," baba akajibu, na hakuniangalia. "Mtu mwenye duka la vioo anidanganye mimi, mzee wa Mdandu, ili apate nini? Yeye hana shida na mimi. Mwenye shida na mimi ni huyu."

Shangazi akakohoa. "Kaka, ile miti ilikuwa ya mtoto. Mama alisema tukiwepo."

"Miti ilikuwa ya kwake, ndiyo. Nani kakataa?" baba akasema. "Miti haipo. Hii ni pikipiki."

Baba mdogo akaangalia viatu vyake. Baba akaifuta mikono kwenye suruali, akachukua ufunguo kwenye kiganja changu, maana nilikuwa nimeshaunyoosha bila kuambiwa, akampa kaka. Akaiombea pikipiki, na safari zake, na atakayeiendesha. Nikaitikia amina. Halafu tukala. Nilipoacha nyama kwenye sahani baba akasema, "Kula. Hujafukuzwa."

Baada ya chakula ndipo baba mdogo alipouliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Na huyu anajua kuendesha?"

Kaka hakujua. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli ya maana. Alisema atatafuta mtu wa bodaboda amfundishe.

"Wa nini," baba akasema, "si yupo." Akanielekeza kwa kidevu.

Tukaenda uwanja wa shule ya msingi, mimi naisukuma, kaka anatembea pembeni na ufunguo akiuzungusha kidoleni. Baba akatufuata akasimama kwenye mstari wa goli. Watu wa kijiji wakaanza kukusanyika, Jumamosi haina kazi nyingi. Nikamwonyesha kaka gia, breki, klachi. Nilimfundisha kwa moyo, siwezi kumfundisha mtu kwa kumchukia, nimejaribu sikuweza. Akapanda, akaachia klachi yote kwa mkupuo. Pikipiki ikaruka kama ndama, akashika mafuta badala ya breki, wakaenda pamoja mpaka kwenye nguzo ya goli.

Sauti ilikuwa ile ile ya Makambako.

Niliwafikia wa kwanza. Kaka alikuwa amechubuka goti tu. Pikipiki ilikuwa imelalia upande ule uliokuwa mzima, kioo kimevunjika, indiketa inaning'inia kwa waya, na tenki limekunjika pale lilipokutana na nguzo, bati limetoka nje.

"Hukuniambia klachi inakaba hivi," kaka akasema akiwa chini.

Baba alikuja taratibu. Aliizunguka pikipiki kama alivyoizunguka nyumbani, akainama, akagusa palipokunjika. Nilisubiri. Nilikuwa na tumaini, nalisema kwa aibu, kwamba sasa atasema alama haina ndogo.

"Chuma hicho," akasema. "Asiyeanguka hajifunzi." Akamshika kaka mkono akamnyanyua, akampangusa nyasi mgongoni kwa kiganja, mara mbili tatu, kama mtoto. Kisha akanigeukia, na hapo ndipo aliponiangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe naye mwelekeze vizuri."

Nikaiinua. Usukani ulikuwa umepinda, nikalibana gurudumu la mbele kwa magoti nikaunyoosha. Nikaing'oa indiketa nikaiweka mfukoni isije ikapotea. Nikamwambia kaka apande, aweke gia ya kwanza, aachie klachi polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akapanda. Nikashika siti kwa nyuma asianguke tena, akaondoka, nami nikakimbia nayo.